Kofia ya Zuleica Huona Joto Tu

Saa mbili asubuhi, katika kibanda cha mabati sokoni Palma, kaskazini mwa Msumbiji, Zuleica Anuar anavaa kofia ngumu ya pikipiki na kufumba jicho la kushoto. Mbele ya jicho la kulia kinaning'inia kioo kidogo cha kuonyesha picha, alichokitoa kwenye gari bovu. Anageuka taratibu, anautazama ukuta, kisha mteja aliyesimama mlangoni.

"Unang'aa," anamwambia. "Maana yake u mzima."

Mteja anacheka. Zuleica hacheki.

Ana miaka 38, na ni fundi simu. Siku ikiwa njema hupata meticais 400, fedha za hapa. Kofia hii aliiunda mwenyewe kwa miezi mitano. Ubavuni aliifunga kamera ya ulinzi, ile inayoona gizani, hatua chache tu mbele, kwa vitaa ambavyo macho ya watu hayavioni. Juu ya paji aliweka kamera ya joto, ambayo mafundi umeme huitumia kutafuta nyaya zinazopata moto. Aliinunua ikiwa imepasuka kioo, mkandarasi mmoja alipofungasha vitu vyake na kuondoka. Betri ameifunga kisogoni ili kofia isimvute shingo.

"Vyote vilinigharimu elfu tisa," anasema. "Nilipotajiwa bei ya mpya, nilidhani jamaa ananitania. Ni bei ya nyumba."

Gesi ilipogunduliwa baharini, Palma ilifurika wageni, na simu zao zikaharibika kama za watu wengine. Zuleica akaacha jembe kijijini Mute na kujifunza ufundi kwa kufungua na kufunga. Baba yake, mzee Anuar, alibaki na mihogo yake.

"Aliniambia, nenda mwanangu, watu wa gesi wakikulipa utanijengea nyumba ya tofali," anakumbuka. Nyumba haikujengwa. Vita ya waasi ilifika kwanza.

Wanavijiji wakawa wanakimbilia porini, na ndugu zao hawawezi kuwatafuta, maana kuwasha tochi usiku ni kujitangaza kwa wauaji. Hapo ndipo Zuleica alipoanza kukusanya vyuma chakavu.

Mara ya kwanza kuijaribu kofia, yeye na jirani yake Germano walimpata mwanamke aitwaye Domingas kwenye mikorosho karibu na kijiji cha Olumbi, amemlalia mtoto mchanga asilie.

"Nilimwona mtu mwenye kichwa kikubwa, nikajua ni shetani," anasimulia Domingas. "Kisha shetani akaniita dada."

Baada yake walipatikana watu wengine sita. Halafu ukaja mwezi Juni.

Mute iliposhambuliwa, mzee Anuar alikimbia na mguu wake mbovu. Zuleica aliondoka Palma jioni hiyohiyo, kofia ikiwa kwenye mfuko wa mchele. Hakufika mbali. Kwenye kizuizi barabarani askari aliufungua mfuko.

"Hii ni ya vita. Nani kakupa?"

"Nimeiunda mwenyewe, chefe, mkubwa wangu. Mimi ni fundi simu. Baba yangu yuko porini, hawezi kutembea."

"Mwanamke kaunda hii?"

Walimzuia siku mbili. Siku ya tatu alipita ofisa aliyewahi kutengenezewa simu naye, akamtambua, akaamuru aachiwe na kofia yake.

Usiku huo alimchukua Germano, wakaipita njia ya shambani kwa mzee mara mbili. Kioo kilionyesha sungura na mbuzi aliyepotea. Mtu hakuonekana.

Kulipopambazuka, Germano aliingia kichakani kujisaidia. Akarudi amevua kofia yake ya ukili. Mzee alikuwa hatua kumi na moja kutoka njiani, amelala ubavu, makubazi yake ameyapanga pembeni.

"Kofia huona joto," anasema Zuleica. "Baba alikuwa ameshapoa. Nilipita nikamwacha. Mara mbili."

Waliomwosha hawakukuta jeraha. Walidhani ni kiu. Mmoja wao alisema mzee hakuwa amemaliza siku tangu afe.

"Bora asingesema," anasema Zuleica. Kwa muda anashughulika na skrubu ambayo tayari imekaza.

Sasa anataka kitu kimoja: barua yenye muhuri wa serikali, inayosema kofia ni yake na aruhusiwe kupita vizuizini. Ameiandika mwenyewe kwa Kireno, akaifunga ndani ya nailoni isilowe. Ofisi ya wilaya amekwenda mara saba, na mara zote saba ameambiwa arudi Jumatatu.

Germano amekubali kuendelea kutembea naye. "Hata wakinifunga," anasema. "Lakini yeye amebadilika. Tukitoka siku hizi, anapapasa kila kichaka kwa mikono."

Zuleica anazima betri, anachukua barua na kujifunga kanga. Leo ni Jumatatu.

"Wakinigongea muhuri, nitafika usiku uleule watu wanapokimbia," anasema.

Na wasipougonga?

Anafunga mlango wa mabati kwa kufuli, anavuta kuhakikisha.

"Nitachelewa tena."