Ukoo Umeishia Hapa

Nianze kwa kukiri mwenyewe, msije mkasikia kwa wengine: mie ndiye niliyeutangazia ukumbi mzima kule Segerea, kwa herufi za dhahabu zilizozungukwa na mawaridi, kwamba ukoo wetu umekwisha. Na baba yangu amekaa mstari wa mbele, ndani ya suti ya kuazima. Mpaka leo nikipita Tabata kuna wapumbavu wananiita Mwisho wa Ukoo, na mie naitika, maana mpumbavu mkuu kati yetu anajulikana.

Mnanijua. Shule niliiacha kidato cha pili kwa kujiona nina akili kuliko walimu (nao walifurahi, sitaki kuwasingizia), nikatengeneza simu Buguruni, nikauza viatu vya mtumba, nikasukuma mkokoteni wa maji, na kila kazi niliiacha pale ilipoanza kueleweka. Kitu kimoja tu hakijanichosha: kompyuta. Nilinunua moja kuukuu iliyong'oka kitufe cha M, ukitaka M unachokonoa kwa ncha ya msumari, na humo ndimo nilimojifunza kuandika programu, peke yangu, kwa kusoma na kubomoa. Sasa mtu ukijifunza jambo peke yako unapata ugonjwa mmoja mbaya, unaanza kudhani wewe ndiye uliyeligundua.

Basi ikafika sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ya mdogo wangu Neema. Neema ndiye mtu pekee nyumbani ambaye hajawahi kuniita mzururaji, na aliniomba kitu kidogo kabisa. "Kaka Deo, niwekee picha za maua pale ukutani, ziwe zinabadilika badilika. Basi."

Maua tu. Mtu mwenye akili zake angeweka maua akaenda zake kula pilau. Mie nikaona maua ni kazi ya kitoto, nikaamua nitaweka na utambulisho.

Utambulisho wa sendofu zetu mnaujua: kila ndugu anatajwa jina na uhusiano wake, anasimama, anapunga mkono, anapigiwa makofi, na ole wako umruke mtu. Kwetu shangazi hutajwa wa mwisho, maana yeye ndiye humshika bibi harusi mkono akamkabidhi kwa wakwe. Asipotajwa hasimami, na asiposimama hakuna makabidhiano, wakwe wanabeba keki yao wanarudi kwao. Shangazi yetu Filomena alikuwa anatoka Songea kwa ajili ya kazi hiyo moja.

Kazi ya kutaja majina ilikuwa ya mshereheshaji, kijana mmoja wa viatu vilivyochongoka kama penseli, ambaye kwenye sendofu ya jirani yetu aliwahi kumtambulisha babu wa watu kama mpishi. Nilimdharau kuanzia viatu kwenda juu. Nikamwambia Neema aniachie mie, mashine haikosei.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Zainabu, rafiki wa Neema, atasimama mlangoni na simu, kila ndugu akiingia anaandika jina lake na kulituma, jina linaingia kwenye faili ndani ya kompyuta yangu, na programu yangu inalisoma na kulirusha ukutani. Fikirieni bomba na ndoo: Zainabu ndiye bomba, programu ndiyo ndoo iliyokaa chini inakinga. Na maua je? Nayo yawepo, ndiyo aliyoyaomba mwenyewe, kwa hiyo nikatega kengele ndani ya kompyuta, kila baada ya muda inaigongea programu, programu inaacha ilichokuwa inafanya, inabadilisha ua, inarudi kusoma. Wenyewe wanaita kugonga huko ishara. Mie naita hodi. Ni sawa na wewe unamsomea baba gazeti barazani, anapita mzee, unakatiza, "Shikamoo," anaitikia, unarudi kwenye mstari uleule uliokuwa unasoma. Mtoto yeyote wa Tabata anaweza.

Nikaijaribu, msifikiri sikuijaribu. Nilijaza majina yote kwenye faili mapema, nikaiwasha, nikaanza kuipigia hodi mfululizo kama mwenye nyumba anayedai kodi. Haikutetereka. Ilibadilisha maua, ikarudi kwenye majina, haikuruka hata mjomba mmoja. Niliita majirani waje waone (jirani mmoja alipiga makofi, sijui alielewa nini).

Binamu yangu Gaspa alikuwepo. Gaspa amesomea kompyuta chuoni, ana cheti, ana miwani, na ana ile sauti ya chini ya watu walioajiriwa. Aliangalia kidogo akauliza kama nimeijaribu ikiwa inasubiri. Inasubiri nini? Akasema, inasubiri jina, bomba likiwa kimya, halafu hodi ndiyo igonge. Nikamjibu kwamba hayo ni maswali ya watu waliosoma mpaka wakaogopa. Alicheka tu, akavaa viatu vyake akaondoka, na mie nikahesabu huo ni ushindi.

Nilichokuwa nimeandika, naona aibu hata kukisema. Programu ikiwa katikati ya kusoma jina, hodi haina madhara, inamaliza jina inakwenda kufungua. Lakini ikiwa imekaa inangoja na ndoo tupu, hodi inaiamsha mikono mitupu, na kompyuta inaiambia wazi kabisa: hujamaliza, umekatizwa, rudi ukangoje. Mie nilikuwa nimeielekeza kwamba ikirudi mikono mitupu, kwa sababu yoyote ile, basi faili limeisha. Fikirieni, mtu niliyekulia Tabata, ambako bomba likikauka kila mtu anaacha ndoo palepale kwa sababu maji yatarudi, nimetengeneza programu inayobeba ndoo yake na kutangaza kwamba mvua hazitanyesha tena duniani. Na kwa ajili ya mwisho wa majina nilikuwa nimetunga maneno ya kupendeza, niliyoyaona ya kishairi.

Siku ya siku, upande wa mama walifika mapema, majina yakatiririka, ukuta ukawaka, watu wakasimama na kupunga. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza yangu nimekunja nne kama mwenye ukumbi. Mshereheshaji nilimwekea kiti pembeni.

Kisha pakatokea kimya kidogo. Shangazi Filomena na watu wake walikuwa ndiyo kwanza wanaingia mlangoni, wana mabegi mabegani, na Zainabu anaandika jina. Bomba kimya. Ndoo tupu. Na ua likafikia zamu yake ya kubadilika.

Hodi.

Ukuta ukaandika: UKOO UMEISHIA HAPA.

Upande wa wakwe kulikuwa na bibi mmoja msomaji wa polepole, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, akamgeukia mwanawe. "Wamekufa wote?"

Baba hakugeuka. Niliona shingo yake tu.

Sasa mtu mzima angezima projekta. Mie nikaiwasha programu upya. Ikaanza, ikakuta Zainabu bado anahangaika na simu, ikangoja, kengele ikagonga, na maneno yakarudi yaleyale, ila safari hii picha iliyofuata haikuwa ua, ilikuwa picha ya Neema (nilimchanganya humo nikidhani nampamba). UKOO UMEISHIA HAPA, na chini yake bibi harusi anatabasamu. Mama mkwe akaziba mdomo. Mzee mmoja wa upande wao akasema hayo si maneno ya kuandikiwa msichana anayeolewa, akawaambia vijana wake waiangalie ile keki iko wapi. Mie, kwa kuchanganyikiwa, nikavuta waya. Waya niliouvuta ndio uliokuwa unalisha na spika na kipaza sauti. Ukumbi ukawa kimya kabisa, mshereheshaji anafungua na kufunga mdomo kama samaki, na mzee wa watu ameshasimama.

Hapo ndipo Shangazi Filomena akatua begi lake katikati ya ukumbi. Hana kipaza sauti, hana haja nacho, huko kwao huwa anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Wakwe zetu, kaeni. Mashine ya mtoto wetu imezimia ilipotuona watu wa Songea. Mie bado mzima, naendelea ilipoachia."

Na kweli akaendelea. Alimshika Neema mkono, akaanza na mtu aliyefuata, mmoja baada ya mwingine. Na ninyi mnajua ukumbi wetu ulivyo, wachelewaji hawaishi, kila anayeingia anamwona mama mtu mzima amesimama mbele, anamsogelea, "Shikamoo shangazi." Anaitikia, "Marahaba mwanangu, mama hajambo?", anasikiliza mpaka mwisho, halafu anarudi, "Kama nilivyokuwa nasema, huyu ni Kastori, mdogo wake baba." Hakurudia mtu. Hakuruka mtu. Alikatizwa mpaka katikati ya jina, akitaja Ana, akaitikia shikamoo mbili, akamalizia, "...stazia." Gaspa alikuwa meza ya pili, amevua miwani anaifuta, na najua haikuwa na vumbi.

Yule mzee akakaa. Keki ikabaki. Shangazi akajitaja mwenyewe wa mwisho, akapigiwa makofi, na alipokuwa anauweka mkono wa Neema kwenye mkono wa mama mkwe, mshereheshaji, ambaye alikuwa amenisubiri kwa hamu, akauliza kwa upole wa kinafiki, "Na yule kaka mwenye kompyuta, shangazi, hujamtambulisha."

Shangazi aliniangalia, mie na waya wangu mkononi.

"Huyo," akasema, "ukoo uliishia kabla hatujamfikia."

Nimechekwa sehemu nyingi, ila kuchekwa na pande mbili za harusi kwa pamoja, tena wakiwa ndiyo kwanza wanapatana, ni kitu cha peke yake. Neema alipita mezani kwangu akielekea kukata keki, akaniinamia sikioni. "Kaka, nilikuomba maua."

Programu nimeirekebisha. Siku hizi naijaribu ikiwa na ndoo tupu, naiacha ingoje, naipigia hodi mpaka mwenyewe nachoka, na kila mara inarudi kukaa inakinga. Ni programu nzuri sana na hakuna mtu Dar es Salaam nzima anayeitaka. Nimeapa mambo mawili: mtu akiniomba maua nitampa maua, na neno mwisho silikabidhi tena kwa mashine isiyojua kusubiri.

Juzi Neema amejifungua, mtoto wa kike. Shangazi Filomena alinipigia kutoka Songea, hakungoja hata shikamoo yangu.

"Iambie hiyo mashine yako iendelee kusoma," akasema, akakata.