Shangazi Luciana na Mbuzi Mawe wa Mlima Wetu

Shangazi Luciana alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kijiji cha pili, na kwa kuchuma mlenda hakuna aliyemshinda. Alipanda mlima wetu wa mawe alfajiri, akarudi jua halijawa kali, kapu limejaa. Mimi nilikuwa mke wa mpwa wake. Mlenda wake niliula bure, na habari zake za mlimani nilizisikiliza kwa lazima.

Habari zenyewe zilikuwa za mbuzi mawe. Ni mnyama mdogo wa jamii ya swala, anasimama kwa ncha za kwato kama mtu anayeogopa kukanyaga tope. Wanaishi wawili wawili, dume na jike. Mmoja akila, mwenzake analinda. Wakishtuka wanakimbilia jiwe la juu kabisa na kusimama hapo. Ujanja huo haufai kitu kwa mbwa wa msasi: wanalizunguka jiwe wakibweka mpaka mwenye upinde afike.

Na mbwa tulikuwa nao. Tulipohamishiwa chini ya mlima ule mwaka 1974, kuanzisha kijiji cha ujamaa upande wa Nduguti, kila kaya ilikuja na mbwa wake. Mwaka huo mvua ilikuwa haba. Watu walikula walichopata, na msasi Damiani, binamu yake Shangazi, alipata kuliko wote. Nyama ilikuwa tamu, sisemi uongo. Mchuzi wake niliulamba mpaka vidole.

Baada ya miaka miwili Shangazi alisimama kwenye mkutano wa kijiji.

"Tulipofika niliwaona kumi na wanane," alisema. "Jana nimewaona wanne. Kwenye mlima wa kwetu kule tulikotoka, wa mwisho aliliwa kwenye harusi yangu. Nilimla mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa shanga. Sasa mnataka huku nako tumalize?"

Mwenyekiti wetu, Mzee Nathanaeli, aliitisha kura, nasi tukakubaliana: mbwa wafungwe, upinde usipande mlima, na kijiji kizima kiwalinde wale wanne. Shangazi alilia kwa furaha, nami nikalia naye.

Hapo ndipo tulipoharibu.

Mzee Nathanaeli alikuwa mtu mwema, lakini akilini mwake kila jambo lilikuwa kazi ya pamoja. Kulima ni kazi ya pamoja, kuchimba kisima vilevile, basi na kulinda pia. Jumatano ya kwanza rimu la lori, kengele yetu ya kijiji, liligongwa, na watu themanini wakapanda mlima na majembe mabegani. Majembe ya nini? Kwenye kazi ya kijiji huwezi kwenda bila jembe, utaandikwa mtoro. Mwenye kuandika nilikuwa mimi. Tulipanda tukiimba, akina mama wamebeba togwa.

Tulipofika juu tukaona hakuna cha kufanya. Sasa watu themanini wenye majembe hawawezi kukaa bure. Zilikuwa siku za kampeni ya usafi, vyoo vinakaguliwa, nyua zinafagiliwa. Mmoja akaona rundo la mavi ya mbuzi mawe juu ya mwamba, akasema wageni wetu wanaishi pachafu. Basi tukawafagilia! Marundo yote tuliyazoa, vichaka tukavifyeka ili wapate hewa. Shangazi alikuwa anajua kwamba vichaka vile ndivyo chakula chao, lakini aliona umati umekuja kwa neno lake, akavimba kichwa, akashika fagio mbele ya wote. Jumatano nne mfululizo tulifagia.

Baada ya hapo mlima ukawa mtupu. Shangazi alizunguka wiki tatu, hakuona hata unyayo.

Damiani alicheka mpaka akakaa chini. Kwetu binamu ni mtani wako, na mtani humkasirikii, hata akikuchoma.

"Binamu," alimwambia, "mimi niliwala kumi na wanne, wakabaki wanne. Ninyi mmewapenda Jumatano nne tu, hakuna hata mmoja."

Shangazi alirudi nyumbani, akalala bila kula, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa hatari. Kesho yake alimeza kiburi, akaenda kwa Damiani, nami nikamfuata.

"Nifundishe," alisema. "Umewaua muda mrefu, lazima unawajua."

Damiani aliacha kucheka. "Lile rundo ni mpaka wao," alisema. "Ndiyo alama ya kwamba hapa pana mwenyewe. Mmewabomolea nyumba mkidhani mnafagia uwanja. Watakuwa wamekwenda kwenye majabali ya upande wa pili. Watarudi, lakini mtu asipande. Hata wewe."

"Hata mimi?"

"Wewe wa kwanza."

Ndipo kijiji chetu kilipopitisha azimio ambalo sijasikia kwingine: kazi ya pamoja ya Jumatano ni kutopanda mlima. Niliwaandika watu mahudhurio wakiwa wamekaa nyuani mwao, na wavivu wakaanza kusifiwa. Mtu mmoja tu ndiye angepanda, mara moja kwa mwezi, kuangalia. Shangazi alijua atakuwa yeye. Kura zikaenda kwa Damiani, kwa sababu yeye alijua kutembea dhidi ya upepo.

"Mnampa fisi alinde bucha!" Shangazi alipiga kelele, na machozi yalikuwa ya kweli.

Damiani akaenda kwake, akarudi na upinde na mbwa wake watatu, akamkabidhi. "Kaa nao," alisema. "Siku nikiwataka, ujue nimekuwa fisi."

Mbwa wale walimlia Shangazi ugali mwingi wa uwele. Mwezi wa kwanza Damiani alishuka na kutikisa kichwa. Wa pili vilevile. Mvua zikanyesha, vichaka vikachipua, na Shangazi akala mlenda wa bondeni, ambao aliutukana kila siku.

Mwezi wa saba Damiani alishuka polepole, akaketi uani kwa Shangazi, akaomba togwa, akanywa yote.

"Sema, mwizi wewe!"

"Nimeona rundo. Bichi."

"Na mwenyewe?"

"Jike. Yuko na dume." Akafuta midomo. "Na katikati ya miguu yao kuna kitu kidogo kama sungura, kinajifunza kusimama."

Shangazi alifungua kinywa apige kigelegele, kisha akakumbuka mlima, akajiziba kwa khanga. Akaanza kucheza vivyo hivyo, midomo imefumbwa, nyayo hazitoi sauti. Majirani walikuja, wakaambiwa kwa kunong'onezwa, wakaingia. Tulicheza kijiji kizima bila ngoma, tukitokwa machozi kwa kujizuia kucheka. Damiani alisimulishwa mara saba, na kila mara yule mtoto aliongezeka kimo.

Walipoondoka wote, nilimuuliza Shangazi kama hatamani kupanda akamwone, hata mara moja.

"Natamani mpaka magoti yananiuma," alisema. "Ndiyo maana nimekaa."