Fundi Asiyeamkia

Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda, na pombe sikuwa nimeonja. Ukitaka kucheka, cheka kabisa, umalize, ndipo nianze.

Mwaka ule tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, upande wa Mungaa. Tulihama kwa lori, na katika vitu vilivyorushwa juu ya magunia ilikuwemo redio ya kaka yangu, Ntandu. Aliileta alipokuja likizo, akarudi kwenye kazi yake ya kukata mkonge huko Tanga. Siku ya kuondoka alimwambia mama, "Jioni uwe unasikiliza salamu. Siku moja utanisikia." Ntandu hakuwa mtu wa barua, kwa hiyo mama alishika hilo tu. Hakukosa kipindi cha salamu hata jioni moja. Tulipofika kijiji kipya tukawasha redio. Kimya.

Nilifanya yote anayofanya mtu asiye fundi. Nilisugua vyuma vya betri kwa msasa mpaka vikang'aa. Nilifunga waya mtini uwe antena. Niliitikisa. Mama naye kila asubuhi alizipandisha betri juu ya paa la tembe zipate jua, maana sote tulijua betri iliyochoka hurudiwa na nguvu ikianikwa kama uwele. Jioni tunazirudisha, kimya. Kesho yake tena juu. Ilifika mahali nikachoka hata kukasirika.

Siku moja jua likielekea kutua, mtu akaingia uani. Alikuwa amejitanda gunia kichwani na mabegani, na hodi hakupiga.

"Nimesikia hapa kuna redio," akasema.

Aliichukua, akakaa chini akatugeuzia mgongo, akaanza kufungua skrubu kwa ncha ya kisu. Uso wake sikuuona. Mpaka leo nikimkumbuka napata mgongo tu.

Mama aliyekuwa akipepeta uwele akamwambia, "Baba, kwetu mgeni huamkia wazee kwanza."

"Nitaamkia nikimaliza, mama."

Kwetu hilo ni tusi. Hata mwendawazimu huamkia. Niliinuka nimtoe, lakini mama akanishika mkono. Yule mtu alirudisha kifuniko, akaigonga redio ubavuni kwa vifundo vya vidole, mara mbili, kisha akaipiga kofi moja juu. Sasa niambie, nani mwingine zaidi ya Ntandu aliyekuwa akiigonga vile? Ungo wa mama ukatulia. Mimi, niamini, sikuhisi kitu, wala hofu.

Redio ikasema. Hazikuwa salamu, yalikuwa matangazo ya vifo. Mtangazaji akasoma jina la Ntandu, jina la baba yetu, na kijiji chetu tulichokihama. Amefariki Tanga, amekwishazikwa huko, ndugu popote walipo wapate habari. Kisha ikanyamaza.

Nilipogeuka, pale alipokaa hapakuwa na mtu. Mlango wa ua ulikuwa umezibwa kwa miiba, na ndipo nikakumbuka kwamba niliuziba mwenyewe baada ya kuingiza mbuzi, kabla hajafika. Nikafungua redio nyuma nitazame betri. Hazikuwemo. Zilikuwa juu ya paa bado. Siku hiyo hakuna aliyekuwa amezishusha.

Mama aliutazama mlango muda mrefu. Halafu akasema taratibu, "Marahaba, mwanangu."

Baadaye alikuja mtu wa kambi ya mkonge na sanduku la nguo za Ntandu, akaeleza, lakini hakutuambia jipya. Watu walilia. Mimi nilipasua kuni mpaka zikazidi mahitaji. Redio niliipeleka kwa fundi mmoja wa Utemini, mjini, akaichungulia akasema waya wa ndani ulikatika zamani, pengine lorini, na redio hiyo haiwezi kuwa imesema neno. Sikubishana naye. Nilimwachia.

Mama aliishi miaka mingine mingi. Kila jua lilipokaribia kutua aligeukia mlango na kuitikia marahaba, na hakuna aliyekuwa amemwamkia.

Basi nawe, kama kuna mtu unamsubiri na redio yako imenyamaza, usihangaike nayo sana. Na akija fundi usiyemwita, mwache aende zake. Siku zote zile redio yetu ilipokuwa mbovu, kwetu Ntandu alikuwa bado anakata mkonge.