Mbwa wa Theluji Uani kwa Bibi

Mjomba alimleta mbwa akiwa amemkalisha kiti cha mbele cha gari kama mgeni wa heshima, na mkanda amemfunga. Bibi alitoka barazani kumpokea mwanawe, akaona masikio mawili yamesimama nyuma ya kioo, akarudi ndani na kufunga mlango. Salamu ziliendelea kupitia dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo fisi ni wa nani?"

"Si fisi, mama. Ni mbwa. Haski."

"Nimekuuliza wa nani, sijakuuliza kabila lake."

Haski ni mbwa wa nchi za baridi. Watu wa huko huwafunga kamba wakavuta vigari vinavyoteleza juu ya theluji. Huyu alikuwa na mgongo wa kijivu, uso mweupe na macho ya rangi ya maji ya bahari pale yanapofika magotini. Kwa sura alikuwa mbwa mwitu kamili, yule wa kwenye vitabu vya watoto, isipokuwa mkia wake ulijikunja juu ya mgongo na ulimi ulining'inia kwa joto.

Mjomba alikuwa amehamia ghorofani Dar es Salaam, mahali pasipo na ua. Rafiki yake mwenye machimbo ya kokoto alimtaka huyo mbwa amfunge mnyororo getini, awe anatisha wezi. Mjomba hakupenda, lakini hakuwa na pengine pa kumpeleka. Aliposema hivyo alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi kwa Bibi hapa Kaole kungoja kuitwa kwenye usaili, na ukoo mzima ulijua kwamba kazi yangu ni kushika simu.

"Nitakaa naye," nikasema.

Nilisema kabla ya kufikiri, jambo ambalo si kawaida yangu. Kufikiri kulikuja baadaye, na kulikuja kwingi. Manyoya yale na jua hili, itakuwaje? Akila kuku wa jirani je? Nikiitwa kazini Dodoma, nitapanda naye basi? Na Bibi, ambaye hatoki ndani bila udhu, ataishije na pua ya mbwa inayogusa kila kitu?

Bibi alitoa masharti yake jioni hiyohiyo. Kufuga mbwa wa kulinda nyumba hakukatazwi, alisema, ila mate yake yasimfikie. Mbwa abaki uani, upande wa mpera. Asikanyage baraza, ya mbele wala ya nyuma. Asiguse kanga yake, wala mkeka wa kusalia, wala birika la udhu. Kisha akaweka kopo la udongo safi kando ya bomba, maana palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo.

Sheria hiyo ni nyepesi kwa mtu mwenye akili iliyotulia. Mimi nilikuwa nikifika mara ya tano naanza kujiuliza: hii ni ya tano au ya nne? Naanza upya. Nikifika tena hapo nakumbuka kwamba sikuhakikisha kama udongo umefika katikati ya vidole. Naanza upya. Mikono ilianza kuchubuka.

"Mke mwenzangu," Bibi aliniita kutoka jikoni, kama alivyozoea kunitania, "unaosha mate au unaondoa ngozi?"

"Nimesahau nimefika ngapi, Bibi."

"Huo ni wasiwasi. Fika saba, toka hapo. Maji yenyewe ya kulipia."

Kumfundisha kutembea kulinipa mazoezi ambayo chuo hakikunipa. Mbwa aliyezaliwa kuvuta huvuta. Nilifunga kamba kwenye mkanda wake wa kifuani, nikatoka naye alfajiri maji yamekupwa, kwa sababu baada ya jua kupanda alikuwa hafai kwa lolote. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba akivuta usimame kama mti, asogee tu kamba ikilegea. Nikasimama kama mti. Mti ukaburuzwa mpaka kwenye mikoko, na ndala moja ikabaki kwenye tope.

Mama mmoja anayekaanga samaki karibu na njia alikuwa akitusubiri kila asubuhi, nadhani sisi ndio tuliokuwa redio yake.

"Wewe binti! Unamfuga au anakufuga?"

"Tunafunzana, mama."

"Haya. Akihitimu yeye kabla yako utuambie."

Alijifunza taratibu. Kwanza hatua mbili kamba ikiwa imelegea, kisha mpaka kwenye mnazi ulioinama, kisha njia yote hadi kwenye magofu, ambako siku moja wageni waliokuja kutazama makaburi ya kale waligeuza simu zao na kumpiga picha yeye. Uani alichimba shimo chini ya mpera hadi akafika kwenye mchanga wenye ubaridi, akawa anashinda humo, pua tu ikionekana. Nilimgandishia dagaa ndani ya barafu kwenye friji la jirani anayeuza barafu za mifuko. Alilamba barafu hizo amefumba macho, na mimi nikakaa pembeni kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu mfukoni. Kuna asubuhi nilifika adhuhuri bila kuangalia barua pepe hata mara moja. Nilipogundua niliogopa kidogo, kisha nikafurahi.

Tatizo lilikuwa adhana.

Haski habweki sana. Hulia kwa kuvuta, kichwa juu, kama mbwa mwitu hasa. Msikiti wetu uko nyuma ya nyumba chache tu, na kipaza sauti kimoja kimeelekea upande wetu. Alasiri ya kwanza, mwadhini alipovuta sauti, sauti nyingine ikanyanyuka kutoka chini ya mpera, ikamfuata, ikamkuta, ikabaki hewani baada ya yeye kukata pumzi. Nilitamani shimo lile liwe la watu wawili.

Nikasoma tena kwenye simu. Ushauri ulisema mbwa anayelia ashughulishwe na kitu. Basi kila adhana ilipoanza na yeye akaanza, nilikimbia jikoni, nikachukua dagaa, nikamtupia. Alinyamaza papo hapo. Nilijiona mtaalamu. Lakini zikapita siku chache, akawa halii msikiti wetu tu. Akalia na msikiti wa ng'ambo, ambao sisi tunausikia upepo ukipenda. Akalia na adhana ya redioni kwa jirani. Simu yangu ilipoadhini mfukoni, akanilia mimi usoni.

Mwadhini alikuja mwenyewe. Ni mzee mwembamba, mpole, mwenye kikohozi kidogo. Alipiga hodi, akakaribishwa barazani, akaulizia afya ya kila mtu hadi mjomba wa Dar, kisha akaweka kikombe chini.

"Hatuna ugomvi na mbwa," alisema. "Naye ni kiumbe. Lakini ananifuata. Na pumzi yake ni ndefu kuliko yangu."

"Tunaona haya, mzee," Bibi akasema.

"Vijana wanacheka kwenye safu. Juzi hata imamu alichelewa kufunga sala, alikuwa anajikaza. Na Ramadhani hiyo inakuja, msikiti utajaa."

Alipoondoka, Bibi alikunja kanga yake mapajani akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Mwezi ukiandama na yeye bado anaimba, mjomba wako aje amchukue. Ampeleke huko kwenye kokoto."

"Watamfunga mnyororo, Bibi. Juani."

"Nimesikia. Nawe umesikia."

Sikulala vizuri tangu hapo. Nikifumba macho nilimwona getini, kwenye vumbi jeupe, bila shimo wala barafu, akingoja mtu ambaye haji. Nilijiuliza kama kosa ni langu kumkubali, kosa la mjomba kumleta, au kosa la yule wa kwanza kabisa aliyempandisha ndege mbwa wa theluji kumleta pwani.

Jibu alinipa mbwa mwenyewe. Alasiri moja nilichelewa kutoka na dagaa kwa sababu kopo lilikuwa limekwama mfuniko. Nikamchungulia dirishani. Alikuwa analia, ndiyo, lakini macho yake hayakuelekea msikitini. Yalielekea mlango wa jikoni. Alipoona sitoki alikatisha, akaja hadi ukingoni mwa baraza kuangalia kuna nini, akarudi mahali pake, akaendelea pale alipoishia.

Nikaenda kumweleza Bibi, nimeona haya.

"Akilia unampa dagaa?"

"Ndiyo."

"Na akinyamaza?"

"Simpi kitu."

Bibi alicheka hadi akashika ukuta. "Hata mimi ningelia!"

Tukaanza upya. Safari hii nilisikiliza kabla ya adhana. Mwadhini wetu ana desturi: huwasha kipaza sauti, hukigonga kwa kidole, kisha hukohoa. Ndipo huanza. Kikohozi hicho kikawa chetu. Kikisikika tu, nasema "Tulia," naye analala, nakimbia kuchukua barafu ya dagaa kwa jirani, napiga magoti mbele yake, naye analamba adhana yote bila kuinua kichwa. Akiinua kichwa akalia, barafu inaondoka. Mwanzoni nilisema "Tulia" mara nne, tano, kwa sababu sikuamini kama ya kwanza imemfikia, naye akajifunza kusubiri hiyo ya tano. Ilibidi nijiume ulimi. Hata pasipo adhana wala barafu, nikipita na birika la Bibi asiliguse, nasema neno moja, nafunga mdomo, nangoja kana kwamba niko mbele ya jopo la usaili.

Adhuhuri zikapita kimya. Alasiri zikapita kimya. Yule mama wa samaki akaniuliza kama mbwa amekufa.

Ikafika jioni ya kutazama mwezi. Watu walikuwa wametoka nje, nyuso zote zimeelekea magharibi, watoto wamepanda juu ya matofali. Bibi alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha nyuma ameshatia udhu, birika miguuni. Mimi nilikuwa uani, barafu bado iko kwa jirani, nikingoja kikohozi ndipo nikimbie kama kawaida.

Kikohozi hakikuja. Nilikuja kujua baadaye kwamba mwadhini alikuwa amepata mafua, akamwachia kijana. Kijana hakugonga wala hakukohoa. Aliwasha na kuvuta sauti hapohapo, sauti mpya, kali, ya juu, ambayo mbwa hajawahi kuisikia.

Mbwa akasimama shimoni. Kichwa kikapanda. Nikaona koo likijaa.

"Tulia," nikasema.

Sikurudia. Sina hakika kama ni ujasiri au ni kwamba sauti ilikataa kutoka tena. Alinigeukia. Mikono yangu ilikuwa mitupu na aliiona. Akafunga mdomo. Lakini kile kilichokuwa tayari njiani kilihitaji pa kutokea, kikatokea puani, kisauti chembamba kama cha birika la chai linalokaribia kuchemka. Kikapanda na kushuka, na kijana alipotua, nacho kikatua. Mbwa akalala. Adhana ikaendelea, na kisauti kile kikaendelea nayo, chini chini, hadi mwisho.

Nilimtazama Bibi. Midomo yake ilikuwa ikitembea, maana mwenye kusikia adhana huifuatisha kwa sauti ndogo, na Bibi hasemi na mtu mpaka amalize. Akamaliza. Akasoma dua. Akageuka, akaingia ndani kusali. Nikanawa, nikahesabu hadi saba nikatoka, nikatia udhu, nikasali nyuma yake, na sala yangu ile Mungu ndiye anayejua ilivyokuwa. Alipotoa salamu alikaa kwenye uradi wake, tasbihi inapita vidoleni punje kwa punje, na mimi nikahesabu tasbihi hiyo kwa makini kuliko alivyoihesabu yeye. Nje watoto wakapiga kelele: umeonekana!

"Bibi," nikasema, "amelia au hakulia?"

Alikunja mkeka kwanza.

"Wewe ukiitikia adhana, unapiga ukelele?"

"Hapana."

"Unaitikia vipi?"

"Kwa sauti ndogo."

"Basi." Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Mungu anisamehe kwa kusema hivi. Msikitini hakuna aliyemsikia. Mimi mwenyewe nimemsikia kwa sababu nilikuwa namvizia."

Nilitaka kumkumbatia nikakumbuka nguo zangu za uani, nikarudi nyuma. Akanicheka. Muda huohuo simu yake ikalia. Alikuwa mjomba, anatoa mkono wa Ramadhani, na pia anauliza kama aje na gari kesho.

"Uje na tende," Bibi alisema. "Gari la nini?... Mbwa gani? Huyu wa uani? Huyu ana kazi hapa." Akasikiliza kidogo. "Kazi gani, kazi gani! Anamwamsha mjukuu wangu alfajiri na kumtembeza. Wewe ulipokuwa na umri wake nilikuwa nakuamsha kwa maji."

Alipokata simu alinikabidhi sharti jipya la mwezi mtukufu: barafu ya dagaa isilambwe mchana mbele ya watu waliofunga, maana hata yeye, kwa joto hili, huwa anaionea wivu. Nikamwuliza adhana za mchana nitazifanyaje basi bila barafu. Nikaanza kumweleza uwezekano wa kwanza, na wa pili, na wa tatu.

"Mke mwenzangu," akasema, "nenda ukauangalie mwezi, unazama."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Mbwa aliinuka, akaja hadi ukingoni mwa baraza, akasimama hapohapo.