Siku Tuliyompeleka Mama Mwadingusha

Watu wa Lubumbashi wana bahati ya kuchoka. Ijumaa wanachoka, Jumamosi wanaosha gari, Jumapili asubuhi utawaona wanapita hapa kwetu Likasi wakielekea Mwadingusha, madirisha wazi, muziki juu, makaa na nyama nyuma ya gari. Wanakwenda kutazama maporomoko ya mto Lufira. Wanakula, wanapiga picha, jua likianza kushuka wanarudi kwao. Sisi tunaokaa karibu zaidi tunabaki na vumbi lao. Nimeuza vitenge sokoni miaka mingi, na wateja wa Lubumbashi huniuliza kama nimekwisha kuyaona maji yale. Nilikuwa nawajibu ndiyo, kwa sababu kusema hapana kulinichoma.

Mama yangu pia hakuwahi kuyaona, naye alizaliwa hapa hapa. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, akafia hapa, akazikwa hapa. Tangu utotoni mama alisikia kwamba umeme wa viwanda unatoka kwenye maji ya Koni na Mwadingusha, akatamani siku moja ayaone. Baba alimwahidi kumpeleka, kisha baba akafa. Halafu akili ya mama ikaanza kupotea. Alitia sabuni kwenye sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Muuguzi wa zahanati alinieleza bila kuzunguka kwamba itafika siku hatanitambua kabisa. Nikaamua kwamba kabla ya siku hiyo nitampa Jumapili moja ya raha, kama zile za watu wa Lubumbashi. Nilitaka nimwone anafurahi, huku akijua kwamba aliye karibu naye ni mimi. Sikutaka kitu kingine.

Mume wangu ni dereva, mtoto wa Waislamu waliotoka mashariki. Tangu tulipooana amemheshimu mama kwa desturi yetu ya Kikasai, ambayo si nyepesi: mkwe mwanamume hali mbele ya mama mkwe, hamgusi, wala hamkazii macho akisema naye. Kwao hawana mambo mengi hivyo, lakini aliyashika yote, na kwa ajili hiyo nadhani mama alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Alikubali kuacha kazi ya siku nzima ili atupeleke.

Jumamosi jioni nilimwambia mama, "Kesho asubuhi gari inakuya. Ujitayarishe." Nilisema hivyo tu, kama mtu yeyote angesema, nikaenda jikoni kukaanga samaki.

Asubuhi nilimkuta amekaa mlangoni. Alikuwa amevaa nguo zake zote nzuri, moja juu ya nyingine, na miguuni pake palikuwa na mafurushi yaliyofungwa kwa vitenge: sufuria, sahani, shuka, mto wake. Pembeni alikuwa ameegesha ndoo na ufagio. Nilicheka. Nilimtania kwamba amepata bwana huko majini, anahamia kwake. Mama hakucheka.

"Tunaenda kutembea tu, mama," nilimwambia. "Mangaribi tunarudia."

"Nabo balisema vile," alijibu. "Balisema tutarudia."

Kicheko kiliniishia mdomoni.

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wenyeji wa Katanga, mkoa wetu huu, walipotufukuza sisi Wakasai, nilikuwa msichana mdogo. Watoto niliocheza nao walisimama mbele ya nyumba yetu wakiimba kwamba twende kwetu. Kwetu wapi? Mama hakuwa ameiona Kasai hata siku moja. Tuliambiwa tutarudi, tukaacha kila kitu ambacho hatukuweza kubeba, tukaenda kulala kwenye kituo cha treni cha hapa Likasi, umati wa watu, tukingojea mabehewa. Mvua ilitukuta pale. Mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya, aliharisha akafa pale pale kituoni, na alizikwa haraka kwa sababu treni ilikuwa imefika. Baada ya miaka tulirudi Likasi, maana huko Kasai nako walituita wageni. Nyumba yetu tuliikuta na watu wengine. Baba alipata nyingine katika mtaa ule ule, na kuanzia hapo habari ya kituo haikutajwa tena nyumbani.

Nilitaka tuache safari. Mume wangu alinivuta pembeni akasema, "Tupakie tu bintu yake. Akifika akiona maji, roho yake itatulia." Tukapakia sufuria, mto, ndoo, hata ufagio. Ufagio ule ulinikasirisha kweli. Kwa kweli nilikuwa nimeikasirikia dunia nzima, na ufagio ndio uliokuwa karibu.

Njiani malori ya madini yalitutupia vumbi mpaka tukafunga madirisha. Nilimwonyesha mama vilima, mashamba ya mahindi, wanawake waliopanga samaki kando ya barabara. Hakutazama nje. Alikuwa amelikumbatia furushi moja na kila gari ilipopunguza mwendo aliinamisha kichwa. Kwenye kizuizi, kijana mmoja alipochungulia ndani kutaka karatasi za gari, mama alijifunika kitenge uso mzima na sikusikia hata pumzi yake. Tulipovuka nilimwambia wamekwisha kutuacha tupite. Alibaki amejifunika mpaka Mwadingusha.

Maji yale ni mazuri, siwezi kudanganya. Yanaanguka meupe, yananguruma, ukungu wake unakulowesha nguo ukiwa bado mbali. Niliyaona kwa mara ya kwanza maishani mwangu na kwa dakika chache nilisahau yote. Watu wa Lubumbashi walikuwa wamekwisha kutandika mikeka, nyama inanukia, wasichana wanacheza. Nikafungua mlango wa gari nikampa mama mkono.

"Shuka, mama. Tumefika."

"Nikishuka batakamata nafasi yangu."

Nilielewa. Kwenye treni ile, aliyeshuka kujisaidia alirudi akakuta mwingine amekaa mahali pake, na wengine waliachwa porini kabisa. Lakini kuelewa hakukunizuia kukasirika. Nilimvuta mkono, nilimsihi, mwishowe nikapaza sauti: "Angalia, mama! Ni maji! Ni maji tu!" Alikuwa anatazama magoti yake.

Basi nikampelekea chakula ndani ya gari. Mume wangu, kwa heshima yake, alikwenda kusimama mbali akatupa mgongo. Mama alilipokea bonge la bukari, ugali wetu, akalikatakata vipande vidogo, akala kimoja tu na kinyofu cha samaki. Vingine alivifunga kwenye pindo la kitenge. Kipande cha mwisho alikiponda na maji kiganjani mpaka kikawa uji, akakishika hivyo, mkono umenyooka, kisimwagike.

"Ile ni ya nani, mama?"

"Ya mutoto. Akiamuka ataamuka na njala."

Sikumuuliza mtoto yupi. Nilikaa karibu naye nikalia wazi, naye hakuniona nikilia, maana macho yote yalikuwa kwenye kiganja.

Mume wangu alidhani tumemaliza kula, akarudi. Jua lilikuwa nyuma yake na alikuwa amevaa kofia yake ya kazi, inayofanana na ya askari. Mama alipomwona alishuka kwenye gari upesi kuliko nilivyodhani anaweza, akapiga magoti kwenye tope, akamkamata suruali.

"Chef, mukubwa, utuhurumie. Tuko na mutoto mugonjwa. Utuache, tutapanda treni ingine."

Mama mkwe anapiga magoti mbele ya mkwe wake, anamshika mguu. Kwetu jambo hilo halina hata jina. Mume wangu ni mtu mkubwa, mwenye sauti, nami nilimwona anaivua kofia ile. Hakuweza kumwinua kwa sababu hakuweza kumgusa, na hakuweza kubaki amesimama juu yake. Akapiga magoti naye, kwenye tope lile lile, macho chini.

"Mama, ni miye," alisema. "Ni miye mukwe wako."

Mama aliendelea kuomba. Mikekani kule walizima muziki, na kijana mmoja akainua simu atupige picha. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kwamba ninayo. Alishusha simu. Kisha nilimkamata mama kwapani, nikamwinua mwenyewe, nikamrudisha garini. Uji ulikuwa umemwagika wote kwenye suruali ya mume wangu, naye alikuwa anaitazama suruali ile tu.

Tukaanza kurudi. Mume wangu aliendesha akijifuta uso kwa mkono wa shati. Nilijiambia kwamba nimemchukua mama yangu, nikamrudisha mahali pabaya kuliko pote maishani mwake, kwa gari, na samaki wa kukaanga.

Tulifika nyumbani giza likiingia. Safari hii mama alishuka mwenyewe bila kuvutwa. Alisimama uani akaitazama nyumba, akaingia, akapitisha kiganja ukutani, akakaa kwenye kiti chake. Uso wake ukafunguka.

"Tumefika?" aliuliza.

"Tumefika, mama."

"Huku njo kwetu?"

"Huku njo kwetu."

Akatabasamu. Akanishika mkono, akaniita kwa jina langu, jina langu mimi, ambalo hakuwa amelitaja kwa miezi. Nikapiga magoti karibu naye kwa furaha. Alinivuta karibu zaidi, akasema kwa sauti ndogo watu wa nje wasisikie.

"Bantu ya hapa bataacha tukae?"

"Bataacha, mama."

"Nani alikuambia?"

Nilitafuta mtu wa kumtajia. Sikumpata.