Sentensi moja ya siasa niliyogoma kuikariri mbele ya darasa (Temeke, enzi za Ujamaa)

Wakuu habari za humu, na wakubwa zangu shikamooni.

Hiki ni kisa changu mwenyewe, sijatia chumvi. Asiyeamini apite tu, nyuzi ziko nyingi.

Nilikuwa darasa la sita, shule moja ya msingi huku Temeke, miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa.

Mgeni alikuwa anakuja kutoka wilayani. Mwalimu wa siasa akanipa kifungu nikikariri, nije nisimame mbele. Nilijisikia kweli kweli, msinicheke.

Kifungu kilikuwa kizuri. Kulima pamoja, zahanati, maji, shule. Hayo nayaunga mkono mpaka leo, kwa hiyo mnaojiandaa kuniambia napinga Ujamaa, tulieni kwanza.

Ishu ilikuwa sentensi moja tu. Ilisema wanavijiji wote walihama kwa furaha.

Sasa bibi yangu mzaa mama ndio kwanza alikuwa amekuja kuishi kwetu. Kwao kusini mgambo walimbomolea nyumba ili ahame. Alifika na kanga alizovaa na kinu chake.

Nikawa nakariri uani, yeye anamenya mihogo. Nikifika kwenye furaha anaacha kumenya.

Mwisho akaniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo furaha waliniona nayo wapi?"

Iliniuma sana. Kesho yake nikamfuata mwalimu.

"Shikamoo mwalimu. Naomba ile sentensi niiruke. Bibi yangu alibomolewa nyumba."

"Marahaba. Umeambiwa ukariri au utunge? Ukibadili neno, fimbo zako ziko pale."

Siku ikafika. Mliosoma zamani mnaujua utaratibu: anayekariri anasema sentensi, darasa zima linairudia kwa sauti. Tulikuwa tunarudia chochote, akili iko kwenye uji.

Nikaanza vizuri. Nilipofika pale nikanyamaza. Mwalimu akadhani nimesahau, akawa ananikumbusha kwa midomo.

Nikasema kwa nguvu, "Bibi yangu alibomolewa nyumba!"

Darasa zima likaitikia, "BIBI YANGU ALIBOMOLEWA NYUMBA!"

Jamani! Hata wale ambao hawakuwahi kuwa na bibi.

Mgeni akainamisha kichwa. Halafu akasema taratibu, "Endelea, binti." Nikamaliza kifungu chote bila kukosea.

Alipoondoka nikachapwa. Mwalimu anataka niseme walihama kwa furaha. Sisemi. Anaongeza, sisemi. Alichoka yeye. Na kusimama mbele sikupewa tena hadi namaliza la saba, sawa tu.

Nyumbani bibi akanikanda mikono kwa maji ya moto. Nikamsimulia darasa lilivyoitikia.

"Wote?"

"Wote, bibi."

Akaacha kunikanda. Kisha akasema, "Hebu niambie tena walivyosema."

Nililojifunza: mtu anaweza kukupa maneno ya kukariri, lakini mdomo ni wako. Nikirudishwa pale leo nasema vilevile, tena kwa sauti zaidi.

Haya, nyie wa miaka ile, mlikaririshwa nini mkakataa? Na kama kuna aliyekuwa darasa lile na akaitikia, ajitokeze. Nina shukrani zake.