Hukumu Iliyowatangulia Mashahidi

Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna karatasi iliyoingia mahakamani pale bila kupita mkononi mwa karani wa masijala. Darasa la saba tu alisoma, lakini mahakimu wenye vyeti vyao walikuja wakaondoka, na wote yeye ndiye aliyewaonyesha faili linalala wapi. Kilichotoka nje alikigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, tarehe na saa, kisha akakipa namba ya ukurasa. Chenye namba haking'oki. Marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba hata yeye mume amegongwa muhuri.

Siku ya kesi ya mwalimu aliyeishitaki ofisi ya Mkuu wa Wilaya kwa kumpokonya nyumba, mdogo wake karani, dereva wa ofisi hiyo hiyo, alivuka barabara asubuhi na bahasha.

“Mpe hakimu mkononi, dada. Usiifungue.”

“Tangu lini dereva akanifundisha kazi? Gia zenyewe zinakushinda.”

Mkono ukatangulia akili. Akafungua, akagonga: saa mbili na robo, ukurasa wa arobaini na saba. Ndipo akasoma.

Ilikuwa hukumu. Mwalimu ameshindwa, ahame ndani ya siku saba. Mashahidi wake wawili, ambao mahakama “iliwasikiliza kwa makini”, walikuwa bado nje kwenye benchi, mmoja anamenya chungwa.

Mdogo wake alipouona muhuri, uso ulimsawijika. “Dada, hiyo ilitakiwa itoke kwa hakimu.”

“Sasa mbona imetoka kwenu? Kesi ya nyani mmempelekea ngedere?”

“Ichane, nilete nyingine. Mimi nina watoto.”

“Na mwalimu ana nini, vifaranga?”

Alisema hivyo, huku ameishika karatasi kwa pembe mbili. Alibakiza miaka miwili astaafu, na kuchana karatasi ni kazi ya kufumba na kufumbua. Akalifunga faili kwa kamba yake, akalipeleka.

Hakimu alisoma, akautazama muhuri, akalitazama dirisha linaloelekeana na ofisi ya Mkuu.

“Umeshaipa namba?”

“Nimeshaipa, mheshimiwa.”

Akalifunika faili. “Mama, leo ungekuwa mvivu kidogo ungetusaidia wote.”

Hata hivyo hakuisoma hukumu ile mbele ya mahakama. Aliwaita mashahidi, akawasikiliza mmoja mmoja, akaiahirisha kesi. Mwalimu akarudi kulala kwake.

Saa nane simu ya masijala ikafa. Saa tisa wakaingia wanaume wawili waliovaa vizuri, hawakusema wametumwa na nani. Faili hawakuliulizia. Walimsalimu kwa adabu, wakaomba wakae mpaka afunge ofisi.

“Mama yetu, nyumbani unarudi kwa njia gani?”

“Ile ile ya miaka yote,” akajibu, bila kuinua kichwa.

“Ya nyuma ya kisima,” mwenzake akamalizia taratibu, kama anayemsaidia kukumbuka.

Karani hakuwahi kuwaona watu wale maishani mwake.